Anazivisha nguo chupa za Chianti, nusura zimnyime Meza ya Bwana

Asubuhi, jua likiwa ndiyo kwanza linafika kwenye mabati ya ploti, Wavinya Kaleli anatoa kigoda chake nje, anakaa, anabana chupa katikati ya magoti na kuanza kusokota uzi wa mkonge juu ya paja.

Chupa ni ya kioo cha kijani. Ina shingo ndefu na tumbo la mviringo, kama mtu anayetoka harusini. Haina karatasi wala kizibo. Kitako chake nacho ni duara, kwa hivyo ukiiweka sakafuni inalala.

"Zinakuja uchi hivi," anasema bila kuinua macho. "Mimi ndiye nazivisha."

Kijana wa bodaboda anapunguza mwendo langoni.

"Mathe, hiyo chupa iko na kitu ndani?"

"Iko na hewa. Nikupimie?"

"Hewa ya jana ama ya leo?"

"Ya kesho. Enda kazi, wewe."

Kijana anaondoka akicheka. Wavinya anaupitisha uzi, anauvuta kwa meno, anaendelea. Majirani wa hapa Kiganjo, mjini Thika, wameshazoea. Lakini mapema mwaka huu, kazi hii ilikaribia kumnyima mama huyu kitu anachokipenda kuliko mapato yake: nafasi yake kwenye Meza ya Bwana, katika kanisa la mabati ambalo ameliimbia tangu aolewe.

Wavinya ana umri wa miaka thelathini na minane. Alizaliwa karibu na Matuu, akafundishwa na mama yake kusuka viondo, vile vikapu vya mkonge, kabla hajajua kusoma. Alipoolewa na Kaleli, fundi wa taili, alihamia Thika na ujuzi wake, akawa anauza viondo sokoni.

Biashara ilikuwa ya kubahatisha. "Wiki ingine nauza viwili," anasema. "Wiki ingine narudi na vyote, na kimoja juu, chenye nimesuka nikingoja mteja."

Siku moja alisimama mbele yake mwanamke mwenye kofia kubwa, akachukua kiondo, akakigeuza ndani nje, akatoa chupa tupu mkobani, akauliza swali ambalo Wavinya hakuwahi kuulizwa: "Unaweza kuishonea chupa hii kitu?"

Huyo alikuwa Mitchell Aketch, mwenye mkahawa mdogo wa vyakula vya Kiitaliano huko Ruiru. Mitchell aliishi Italia miaka saba akimtunza bibi mmoja mzee katika vijiji vya Chianti, eneo la vilima lililo kati ya miji ya Firenze na Siena. Mvinyo mwekundu wa huko unaitwa kwa jina la vilima vyenyewe.

Zamani mvinyo huo ulitiwa katika chupa ya kitako cha mviringo inayoitwa fiasko, na wanawake wa huko waliizungushia nyasi kavu ili isivunjike na iweze kusimama. Siku hizi chupa nyingi ni zile zilizonyooka, ambazo hupangika vizuri kwenye sanduku, na wasukaji wamebaki wachache. Yule bibi aliyetunzwa na Mitchell aliwahi kuifanya kazi hiyo akiwa msichana.

"Alikuwa ananionyesha vidole vyake," anasema Mitchell. "Vimepinda hapa na hapa. Nikarudi nyumbani, nikaona vidole vya Wavinya vimepinda mahali pale pale. Nikasema, huyu ndiye."

Mitchell humlipa shilingi mia nne kwa kila chupa. Zaidi ya malipo, humpa hadithi, na Wavinya huzisimulia hapa plotini kana kwamba amezaliwa Siena.

Kwa mfano, anajua kwamba Chianti si zabibu ya aina moja. "Ni kama githeri," anaeleza. "Kuna zabibu inaitwa sangiovese. Hiyo ndiyo mahindi, ndiyo mingi. Halafu wanaongeza zingine kidogo, canaiolo, colorino. Hizo ni maharagwe. Mahindi peke yake utakula, lakini nani atakusifu?"

Anajua pia hadithi ya jogoo mweusi. Inasemwa kwamba Firenze na Siena ziligombania vilima hivyo, zikakubaliana kila mji utoe mpanda farasi siku moja, aondoke jogoo wa mji wake atakapowika, na pale watakapokutana ndipo mpaka uwekwe. Watu wa Siena walimlisha jogoo wao akashiba. Wa Firenze walimnyima wao chakula. Mwenye njaa aliwika mapema mno, mpanda farasi wake akatangulia, Firenze ikachukua karibu vilima vyote. Mpaka leo jogoo mweusi ni nembo ya baadhi ya mvinyo wa Chianti.

Mumewe Kaleli, anayekunywa chai mlangoni kabla ya kwenda kazini, hakubaliani na hadithi hiyo.

"Wa hapa kwetu wanawika saa yoyote, washibe wasishibe," anasema. "Hao Wazungu wangetumia jogoo wa Kiganjo, mpaka leo wangekuwa bado wanazozana."

"Na wewe ungekuwa mpanda farasi," mkewe anamjibu, "ungekuwa bado unatafuta soksi."

Mwanzo wa kazi haukuwa mzuri. Wavinya alisuka chupa za kwanza vile alivyosuka viondo maisha yake yote. Alianzia kitovuni chini, akazunguka, akapanda, akakaza mpaka shingoni. Kisha akamalizia na ukanda wa ngozi, kwa sababu kwao kiondo hubebwa mgongoni, na kiondo kisicho na ukanda ni kazi iliyoachwa njiani. Zilipendeza sana.

Jumapili hiyo Mitchell aliweka moja tupu mezani, kama pambo, kwa familia iliyokuwa ikisherehekea siku ya kuzaliwa. Chupa ilikaa kidogo, ikafikiria, ikalala. Ikabingirika polepole kupita sahani za spageti, ikadondoka kwenye mapaja ya babu wa familia. Babu akaidaka, akaona ina ukanda, akaivaa begani. Aliondoka nayo hivyo hivyo, akashukuru kwa zawadi.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema Mitchell. "Halafu nikaacha kucheka. Nilimpigia, nikamwambia, Wavinya, dadangu, wateja wangu hawawezi kula spageti wamebeba chupa kama mtoto."

Wavinya alishangaa. "Mimi kwetu sijawahi ona mtu akisimamisha kiondo," anasema. "Kiondo kinabebwa, ama kinaning'inizwa kwa msumari. Kusimama kinaenda wapi?"

Alijaribu kila kitu. Alitanua kitako, chupa ikainama. Aliweka vijiti, ikaonekana kama kuku. Jirani yake Zubeida, anayekaanga viazi karai langoni, alikuwa akimtazama siku hizo zote. Zubeida ni Mwislamu na hazigusi chupa hizo hata zikiwa tupu, lakini kuzicheka hajakatazwa.

"Wavinya, hiyo chupa yako ni mtungi umelewa," alimwambia. "Iwekee ngata, ikae."

Ngata ni ile pete ya kitambaa au majani ambayo akina mama wanaobeba mizigo kichwani huiweka chini ya mtungi. Bibi yake Zubeida, huko Mumias, aliitumia maisha yake yote. Wavinya, wa ukoo wa kubeba mgongoni, hakuwahi kuivaa. Alisuka pete nene ya mkonge, akaishona chini ya chupa. Chupa ikasimama wima kama askari.

"Nilikuwa nafanya mzaha," anasema Zubeida akigeuza viazi. "Sasa ananiambia nidai hisa. Hisa ya pombe? Aninunulie mafuta ya kupikia, yatosha."

Kilichobaki kilikuwa kujua kama pete itabeba chupa iliyojaa. Mitchell akampa moja yenye mvinyo. Wateja walikuwa wameifungua mkahawani, wakaonja kidogo, wakairudisha wakilalamika kwamba si tamu, na yeye akaiziba tena kwa kizibo cha mpira. Jina la mvinyo, ambalo hufungwa shingoni kwa kikaratasi na uzi, lilibaki Ruiru.

"Ningekuwa na akili ningejaza maji kwa zile tupu," anasema Wavinya. "Lakini nilipewa, nikabeba." Aliijaribu, ikasimama vizuri. Kisha akaiweka nyuma ya debe la unga ili asipite mtu akaiona, akasahau kuirudisha.

Hapo ndipo mambo mawili yalipoanza kwenda pamoja bila yeye kujua.

Jambo la kwanza lilianzia kwa bodaboda. Tabby Wamboi, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliona pikipiki ikishusha kreti za chupa mlangoni kwa Wavinya. Alisimulia alichokiona, na aliyesimuliwa naye akasimulia. Kufikia Jumapili, Wavinya alikuwa amefungua baa. Kufikia Jumatano, alikuwa anapika chang'aa ya Kizungu.

Kanisa lao halina mchezo na pombe. Anayekunywa, anayeuza, au anayesaidia pombe kwa njia yoyote huwekwa chini ya nidhamu. Hukaa benchi la nyuma, na siku ya Meza ya Bwana mkate na kikombe humpita mpaka wazee waridhike kwamba ametubu. Wavinya ndiye anayeanzisha nyimbo za akina mama. Hajawahi kukaa benchi la nyuma hata siku ambayo alichelewa.

Mzee wa kanisa Ngigi alimwambia baada ya ibada kwamba wangemtembelea Jumamosi, kabla ya Jumapili ya Meza. Alisema kwa upole, na hilo lilimtisha zaidi.

"Nilijua wataniambia nichague," anasema Wavinya. "Chupa ama Meza. Na mimi nilikuwa nataka vyote. Kwani mtu anayeshona sare ya polisi ameshika mtu?"

Jambo la pili lilikuwa ndani ya nyumba. Ile chupa nyuma ya debe la unga ilikuwa inapungua.

Nyumba ile wakati huo ilikuwa na watu wazima watatu: Wavinya, Kaleli, na mama yake Kaleli, Syombua, aliyekuwa amekuja kutoka Matuu kwa matibabu. Wavinya humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. Mwaitu Syombua ni mwanamke ambaye aliwahi kukataa kuingia kwenye harusi ya mpwa wake kwa kuwa hema lilikuwa la kampuni ya bia. Hakuna aliyemfikiria.

Kwa hivyo Wavinya akamfikiria mumewe.

"Kila nikirudi kazini ananiambia, nipulizie," anasema Kaleli. "Mimi nimechoka, niko na simiti mpaka kwa masikio, mtu ananiambia nipulizie. Nilimpulizia wiki mbili. Nikadhani ni mapenzi."

"Ulinuka simiti tu," mkewe anakubali. "Ndiyo nikazidi kushuku. Nikasema huyu anajua kujificha."

Jumamosi ikafika. Mzee Ngigi alikuja na Tabby. Mzee aliketi kwenye kochi, wote wawili wakakataa chai kwanza, dalili mbaya katika nyumba yoyote ya Kiganjo. Chupa zilizovishwa zilikuwa zimepangwa ukutani, zote zimesimama.

"Wavinya," alianza Mzee Ngigi, "tumesikia mambo. Hatujaja kuhukumu. Tumekuja kuona."

"Karibuni muone, mzee. Hizi ni chupa, ziko tupu. Mimi nasuka nguo yake, naipeleka. Huko inawekwa nini, si mimi naweka."

"Wewe umewahi kuonja?"

"Sijawahi. Hata harufu yake, nikishika nafunga pua."

Mzee Ngigi alitikisa kichwa polepole. Alichukua chupa moja, akaibonyeza pete ya chini, akaisukuma kwa kidole. Haikuanguka. Alionekana kuipenda, akajizuia.

Tabby hakuwa amekaa. Alikuwa anazunguka, na mzunguko wake ukafika kwenye debe la unga.

"Na hii?" aliuliza, akiinua chupa kwa shingo. "Hii si tupu, Wavinya. Na pia si nzima. Imefika hapa nusu. Kama wewe huonji, ni nani anakunywa? Panya?"

Wavinya alimtazama Kaleli. Kaleli alitazama dari. Alikuwa anahesabu taili ambazo dari haina.

"Nilikuwa nashindwa niseme nini," anasema Wavinya. "Nikisema ni bwanangu, nimemwaibisha. Nikisema sijui, nimedanganya. Nikaanza kuaga Meza moyoni."

Wakati huo huo mlango ukafunguliwa. Mwaitu Syombua akaingia kutoka kuota jua, kijiko cha supu mkononi. Aliwasalimu wageni wote kwa mkono, akauliza habari za watoto, za ng'ombe wa Mzee Ngigi na za goti la Tabby. Kisha akaichukua chupa kutoka mkononi mwa Tabby, kwa adabu, kama mtu anayepokea kitu chake, akang'oa kizibo, akajaza kijiko, akameza, akakunja uso.

"Dawa yangu ya damu," aliwaeleza. "Daktari alisema damu imepungua, akanipa vidonge. Vidonge havinifanyi kitu. Lakini hii, weh! Asubuhi kijiko, jioni kijiko. Sasa hata ngazi napanda."

Kosa lenyewe ni la kawaida hapa. Sokoni Thika, dawa ya kuongeza damu huuzwa kwenye chupa zisizo na karatasi. Huwa nyekundu iliyoiva, chachu, yenye kukwaruza koo. Chupa iliyofichwa nyuma ya unga, nyekundu, isiyo na jina, ilikuwa nini kingine? Na kwa kuwa mvinyo ulikuwa umeshafunguliwa, kila siku ulizidi kuchachuka, na kila siku Mwaitu alizidi kuusifu.

"Mwaitu," alisema Kaleli kwa sauti ndogo, "hiyo si dawa."

"Si dawa aje? Wewe unajua nini? Muulize Tabby."

Mzee Ngigi aligeuka. Tabby akawa amepata kiti ghafla.

"Si nilikubebea kidogo kwa ile chupa ya soda, siku ya maombi ya Alhamisi?" Mwaitu aliendelea kwa furaha. "Ukasema goti limeacha kuuma, na umelala kama mtoto? Si ulitoa ushuhuda?"

"Nilitoa," alisema Tabby.

"Mbele ya watu wote!"

"Mbele ya watu wote," alisema Tabby, akitazama viatu vyake.

Wavinya anakumbuka kwamba hakupanga kusema alichosema. Kilitoka tu. "Mzee," alimwambia Ngigi, "mlikuja kutafuta mtu ameonja. Hapa ndani, ukijiondoa wewe, mimi peke yangu na bwanangu ndio hatujaonja. Na huyu ninajua, kwa sababu nimemnusa."

Mzee Ngigi alikohoa kwa muda mrefu. Kila aliyekuwepo anakubaliana kwamba kikohozi kile kilikuwa kicheko kilichokosa njia. Kisha akasema, "Tuombe," akaomba maombi marefu kuliko ya Ijumaa Kuu, akipitia nchi, mvua, wagonjwa na watawala, huku kila mtu akipata muda wa kufikiri.

Mwaitu alipoelezwa mara ya tatu na kuelewa, alikaa kitandani, akajifunika kitenge usoni. Wavinya alikaa naye. Mama huyo alitoka saa ya chakula, akatangaza kwamba Mungu huangalia moyo, na moyo wake ulikuwa unatafuta damu.

Uamuzi wa wazee ulikuwa mfupi. Walioonja bila kujua walitubu pale pale, na ushuhuda wa goti ukafutwa. Wavinya ataendelea kusuka. Chupa yenye kitu ndani haitavuka mlango wake tena, na majaribio yote yatafanywa kwa maji. Mzee mmoja wa kanisa alipinga na mpaka leo anapinga. Humsalimu Wavinya kwa mkono wa kushoto, na Wavinya humwitikia kwa wa kulia.

Jumapili ile aliketi mahali pake, akaanzisha wimbo, na kikombe kilipofika hakikumpita. "Kilikuwa juisi ya zabibu," anasema. "Tamu sana. Nikajiuliza, wale watu wa Chianti wako na zabibu hivi, na wanaenda kuiharibu."

Mitchell aliposikia kisa hicho alicheka tena mpaka akakaa chini, kisha akaleta oda ya chupa mia moja za Desemba. Mikono miwili haiwezi. Kwa hiyo siku hizi kuna vigoda viwili mlangoni, na cha pili ni cha Tabby Wamboi, aliyekuja mwenyewe kuomba afundishwe. Husuka ameigeuza chupa mdomo chini, ili kila apitaye aone haimwagi kitu.

"Kaza hapo, mwenyekiti," Wavinya anamwambia. "Hiyo nguo inapwaya."

"Niache niende polepole, mimi si Mkamba."

Mwaitu amerudi Matuu na mfuko wa vidonge, ambavyo anameza kwa manung'uniko. Damu yake, kwa kipimo cha mwisho, iko sawa.

Wavinya anataka kupata wasukaji watano kabla ya mwaka kuisha, na chumba cha kufanyia kazi kisicho na debe la unga. Anataka pia kitu kingine, ambacho Mitchell amemwahidi kwa maneno tu, na yeye ameshaanza kukiulizia pasipoti: kufika Chianti, akakae na wale akina mama wachache waliobaki wakisuka.

"Si kuonja," anasema, akikata uzi kwa meno na kuisimamisha chupa sakafuni. "Nataka kuwauliza tu: hizi chupa mlikuwa mkizificha wapi, mama mkwe asizione?"